Samaki wa Jana, Kutoka Kigungu Hadi Pakwach

Barabara ya Entebbe ikisha kuupita uwanja wa ndege, nchi kavu huingia ziwani kama kidole, na penye ncha ya kidole hicho pana kituo kidogo cha wavuvi kiitwacho Kigungu. Mgeni akiwahi kufika kabla ya jua kupanda, huikuta mitumbwi ikivutwa mchangani, nyavu zikikung'utwa, na makorongo wakingojea matumbo ya samaki kwa subira ya wazee barazani. Historia yapakumbuka mahali hapa kwa ajili ya Padri Lourdel na Bruda Amans, wamisionari wa kwanza wa Kikatoliki, walioshuka hapo mwezi wa Februari 1879. Lakini akina mama wanaoteremka na mabeseni yao alfajiri hawaendi kutazama historia.

"Nyabo, huyu ni wa leo?" huuliza askari anayetoka zamu ya usiku.

"Wa leo, afande. Mtazame macho."

Naye afande huinama. Hutazama kama macho yang'aa, hufunua shavu aone kama matamvua ni mekundu, kisha hubonyeza mgongo kwa kidole aone kama nyama yarudi mahali pake. Mitihani hiyo mitatu yajulikana na kila mnunuzi wa pwani ya ziwa hili. Mtihani wa nne hauulizwi gatini, nao ndio unaowashinda wengi: samaki huyo akisha kupikwa, watu wakala wakashiba, nusu yake ikabaki chunguni, atakuwaje kesho?

Swali hilo lilikuwa dogo zamani, siku samaki alipokuwa chakula cha asiye na fedha ya nyama. Leo si dogo. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na Uganda ina kama asilimia 43 ya maji hayo, Tanzania 51 na Kenya 6. Mtu akilitazama kutoka Kigungu hudhani samaki wake hawatakwisha kamwe. Hata hivyo beseni la mama mwenye mshahara wa polisi hurudi nyumbani likiwa jepesi. Sangara, ambaye Waganda humwita mputa, aliletwa katika ziwa hili katika miaka ya 1950 na 1960. Asili yake ni maji ya Ziwa Albert na Mto Nile wa chini. Alikula samaki wengi wadogo wa asili hata baadhi yao hawaonekani tena, akaongezeka ajabu katika miaka ya 1980, kisha viwanda vikajengwa kumkata minofu na kumpeleka Ulaya. Minofu ilipopanda ndege, vichwa na migongo vilibaki kwa wenyeji. Basi yaweza kusemwa, bila utani mwingi, kwamba familia nyingi za kando ya ziwa zilianza kupika mabaki kabla samaki hajafika jikoni mwao.

Sheria nayo yataka sangara asivuliwe akiwa chini ya inchi 20, wala ngege (ndiye sato wa watu wa Mwanza) akiwa chini ya inchi 11, ili wapate kuzaa kwanza. Mwaka 2017 askari wa jeshi waliwekwa majini kuilinda sheria hiyo, na mivutano baina yao na wavuvi imekuwa si haba. Askari anayeshinda juani akikamata nyavu za macho madogo, halafu nyumbani kwake nusu ya ngege mzima ikamwagwa jalalani asubuhi kwa kuwa imechacha, amefanya kazi ya ziwani na kuipoteza jikoni.

Lugha zenyewe zaonyesha kwamba chakula cha jana hakikuwa aibu kwa waliotangulia. Waswahili wa pwani wana maneno tele kwa ajili yake: kiporo, mwiku, bariyo. Waganda husema amawolu, chakula kilichopoa, na wengi walilelewa kwa hicho kabla ya kwenda shamba au shule. Jambo lililobadilika ni makao. Jiko la zamani lilikuwa na moshi usiokatika, na chungu kilichoachwa juu ya mafiga kilikesha na joto la makaa. Kambini mambo ni mengine. Katika baadhi ya kambi za polisi na magereza zingali zikitumika zile nyumba za bati za mviringo, fupi mlangoni, ambazo wenyeji wake waliziita kwa mzaha "mama ingia pole". Jua likipiga juu ya bati hilo tangu saa nne, ndani huwa kama tanuri la mkate. Sufuria ya mchuzi wa samaki iliyofunikwa na kuachwa pembeni mwa nyumba kama hiyo haihitaji hata kufika jioni.

Ndiyo maana wapishi wazoefu wa Entebbe hushikilia neno moja: samaki wa kesho hutengenezwa usiku wa leo. Mara watu wanaponawa mikono, kabla ya vyombo kuoshwa, samaki aliyebaki hutolewa katika mchuzi, akachambuliwa angali vuguvugu. Wakati huo mifupa huachana na nyama kwa hiari; asubuhi, nyama ikisha kugandamana, mpishi hupigana nayo na vijifupa hubaki ndani. Ngege ana mifupa myembamba ya ubavuni inayomkaba mtoto, basi huyu huchambuliwa kwa vidole, si kwa kijiko, na polepole. Sangara ana mifupa mikubwa isiyojificha, hivyo ndiye anayefaa zaidi kwa chakula cha watoto wadogo. Kichwa na mifupa havitupwi. Huchemshwa usiku huo huo kwa tangawizi na kitunguu, supu ikachujwa.

Mwenye friji hutandaza nyama hiyo katika chombo kipana kisicho na kina, ipoe upesi, akaiingiza ndani kabla ya saa mbili kupita tangu ilipoondolewa motoni, na kuila katika siku mbili au tatu. Asiye na friji, na hao ndio wengi, hana ruhusa ya siku mbili. Yeye huichemsha tena nyama ndani ya supu yake mpaka ifoke vizuri kabla ya kulala, huifunika, huiweka sufuria ndani ya karai la maji baridi mahali penye upepo, na alfajiri huitokosa tena na kuigawa. Maji ya karai husaidia kidogo tu. Hayageuzi usiku mmoja kuwa tatu. Kilichopita staftahi hakingoji chakula cha mchana. Mchuzi uliokwisha kutiwa karanga au tui haulazwi kabisa nje ya friji, kwa kuwa huchacha upesi kuliko samaki mwenyewe.

Hapa pana kosa moja linalotendwa na wapishi hodari, si wazembe. Samaki akianza kunuka, hukamuliwa ndimu na kuongezwa pilipili, naye hunukia vizuri tena. Ndimu haimponyi samaki aliyeharibika. Humvika nguo mpya tu. Ziko sumu za vijidudu ambazo hata moto mkali hauziondoi, na mtoto wa mwaka mmoja akishikwa na kuhara usiku, kambi ikiwa mbali na zahanati, kipande kile cha samaki huwa ghali kuliko ng'ombe. Nyama yenye utelezi, au mchuzi wenye povu usipokuwa motoni, hutupwa bila majadiliano.

Usiku ukishatimizwa hivyo, asubuhi huwa ya raha. Chakula cha kwanza ambacho Entebbe humfundisha mgeni ni katogo. Watu hulijua zaidi katogo la utumbo au la maharage, ndizi zikipikwa pamoja na kitoweo katika sufuria moja. Lakini katogo la samaki wa jana ni jepesi na halitaki kuni nyingi. Vitunguu na nyanya hukaangwa kidogo, supu ya mifupa iliyotokoswa humiminwa, matoke yaliyomenywa hupangwa humo na kufunikwa. Yakikaribia kuiva ndipo samaki aliyechambuliwa hutawanywa juu, sufuria ikafunikwa tena mpaka mvuke mkali umwingie kote. Samaki hakorogwi. Ameiva tangu jana, na kumpika upya kama mbichi ni kumfanya uji. Familia ya watu sita hula katogo hilo kwa vipande viwili vilivyokuwa havimtoshi baba peke yake.

Kwa wenye friji, mchana una karanga. Karanga zilizotwangwa huchanganywa kwanza na maji baridi zisifanye mabonge, zikabandikwa juu ya moto mdogo na kukorogwa hadi rangi iwe ya waridi iliyokolea na mafuta yaanze kuelea, jambo ambalo huchukua kama nusu saa. Samaki wa jana huingia mwishoni, akatokota pamoja na karanga dakika kadhaa. Wengine hufunga vyote katika jani la mgomba lililopitishwa motoni na kuvivukisha, ndiyo luwombo, na harufu ya jani husahaulisha kabisa kwamba kitoweo ni cha jana. Samaki wa kukaanga hufaa zaidi hapa kuliko wa kuchemsha, kwa maana ngozi yake iliyokauka hunywa karanga pasipo kuvunjika.

Katlesi ni mgeni aliyekuja na reli. Wahindi waliofika na njia ya reli iliyogonga Kisumu mwaka 1901, pamoja na wafanya biashara waliowafuata, walileta jikoni mwa Afrika Mashariki desturi ya kusaga nyama au samaki pamoja na viazi, na katika miji ya Uganda desturi hiyo ilibaki hata wengi wao walipofukuzwa mwaka 1972. Viazi ulaya vilivyochemshwa hupondwa vikiwa vikavu, maana viazi vyenye maji ndivyo vinavyopasua katlesi kikaangoni. Samaki huvurugwa humo, kiasi cha kikombe kimoja kwa vikombe viwili vya viazi, pamoja na kitunguu kilichokatwa vidogo, giligilani, pilipili na chumvi. Madonge hubonyezwa yawe bapa, yakachovywa katika yai lililopigwa, yakaviringishwa katika chenga za mkate mkavu na kukaangwa mpaka ndani yafuke moshi. Hivyo mkate wa juzi nao hupata kazi. Mke wa askari mwenye kikaango kimoja aweza kupata katlesi kumi na mbili kwa samaki ambaye, akiwekwa mezani alivyo, angeleta ugomvi wa nani apate mkia.

Vijana wa barabarani hawana subira ya viazi. Wao humchanganya samaki na mayai, wakaikunja ndani ya chapati na kuiita roleksi ya samaki. Yule mwenye kikomando, yaani chapati iliyokatwa vipande na kumwagiwa maharage, naye hunyunyiza samaki juu. Jina hilo huwachekesha askari, na chakula chenyewe hushika tumbo hadi jioni.

Kutoka Entebbe hadi Kampala ni kilomita zipatazo 40. Kutoka Kampala kwenda Pakwach ni zaidi ya 350, na basi la kaskazini hupita nchi ya Nakasongola, ambayo mipaka yake ya mashariki yaishia katika Ziwa Kyoga, ziwa la maji mafupi lililojaa mafunjo na visiwa vya majani vinavyoelea. Huko matoke hupungua na muhogo na viazi vitamu hutawala. Samaki wa jana hulazwa juu ya viazi vitamu vinavyovukizwa, bila mafuta, na mwenye haraka hana haja ya zaidi ya hayo.

Baada ya daraja la Karuma njia hugeuka magharibi ikifuata mpaka wa mbuga ya Murchison Falls. Nyani huketi kando ya lami wakitazama mikono ya abiria. Halafu ardhi hushuka, joto hupanda, na mwisho hutokea Nile pana na tulivu, daraja juu yake, na mji wa Pakwach ng'ambo. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Albert, lililo karibu na hapa, liko kwenye mita 619 tu. Tofauti hiyo huonekana kwenye shati la msafiri, na huonekana zaidi ndani ya chungu. Samaki anayestahimili usiku wa Entebbe hawezi kustahimili usiku wa Pakwach.

Wenyeji wa mahali hapa ni Wajonam, na jina lao lina maana ya watu wa maji. Wao na ndugu zao Waalur wamewahi kulijibu joto kabla ya friji kuwako. Soko la Panyimur, kwenye ufuko wa Albert, lajaa samaki waliopasuliwa, wakatiwa chumvi na kuanikwa: angara hasa, anayesafiri mpaka masoko ya Kongo. Chumvi katika nchi hii ina heshima yake. Kusini, katika Ziwa Katwe lililo ndani ya shimo la volkano, watu wamekuwa wakivuna chumvi kwa karne nyingi, na pasipo chumvi biashara ya samaki wa maziwa ya magharibi isingefika mbali. Hapa pia sangara yuko kwao. Mputa anayeuzwa Kigungu ni mjukuu wa wahamiaji. Wa Pakwach hakuhamia kutoka popote.

Samaki aliyebaki baada ya chakula cha jioni haingizwi karaini hapa. Vipande vinene, vikiwa bado moto, hutolewa mchuzini, vikapanguswa maji, vikapakwa chumvi na kupangwa juu ya uchaga ulio juu ya mafiga. Chini huachwa kuni moja au mbili za mti mgumu zitoe moshi wa taratibu usiku kucha, na paka hufungiwa nje. Kufikia alfajiri nyama imekauka nje na kugeuka rangi ya kahawia. Hii si akiba ya mwezi, wala haiwezi kuwekwa pamoja na samaki waliokaushwa wakiwa wabichi. Ni ya siku inayofuata, basi. Ambaye moto wake ulizimika kati ya usiku, samaki akabaki mbichimbichi na joto la chumba, hana budi kumtupa.

Asubuhi samaki huyo huoshwa kwa maji moto kuondoa masizi na chumvi iliyozidi. Majani ya kunde, ambayo Waacholi huyaita boo, huchemshwa mpaka yalainike. Kisha huja odi, rojo nzito ya ufuta na karanga zilizokaangwa na kusagwa kwenye jiwe. Odi huyeyushwa kwa maji ya majani yenyewe, si maji baridi, na kumiminwa ndani. Samaki humegwa vipande vikubwa na kutumbukizwa, chungu kikaachwa kitokote kwa moto mdogo mpaka mafuta ya ufuta yaonekane pembeni. Chumvi haionjwi mapema, kwa kuwa samaki bado anaitoa. Chakula hicho huliwa kwa kwon ya ulezi au ya muhogo, na kambini huliwa kwa posho bila kupungukiwa kitu.

Kambi zimefanya jambo jingine ambalo halikukusudiwa. Wako askari waliotoka katika jamii za wafugaji, kama vile Wahima, ambao zamani hawakumgusa samaki kabisa, wakimhesabu kuwa chakula cha watu wasio na ng'ombe. Harufu ya samaki wa mchuzi iliwashinda. Wengi wao waliingia kwa mlango huu wa samaki wa moshi ndani ya odi, ambamo shombo haimo tena, na mke akipata uhamisho kutoka Kampala kwenda ukanda wa Nile hujifunza kwa jirani yake namna ya kuupika. Naye humfundisha jirani katlesi.

Jioni, chini ya daraja la Pakwach, wanawake huuza samaki wa mwisho kwa abiria wa mabasi yaendayo Arua. Bei huteremka kadiri jua linavyoteremka, maana muuzaji ajua joto la usiku wake. Mnunuzi mwerevu hununua wakati huo, akaomba samaki akaangwe hapo hapo mpaka awe mkavu, hula nusu barabarani, na nusu nyingine huifunga katika karatasi, si katika mfuko wa plastiki unaoitoa jasho. Akifika nyumbani kabla ya saa mbili kupita, huikabidhi jikoni, na mtu wa kwanza kuulizwa huwa yule anayejua kama uchaga una nafasi.